Fundi Aliyeomba Saa Moja

Nilimjua kwa miaka kumi na miwili, na katika miaka hiyo yote sikumsikia hata mara moja akisema gari limepona kabla hajaliona kwa macho yake likipanda mlima. Sisi wa ofisini tulimwita Papa Fundi. Wateja wengine walimwita Muzee wa Kalorstat, kwa kumcheka, naye alijua kwamba wanamcheka. Naandika habari zake kwa sababu watu wa Bukavu wanaomkumbuka wanakumbuka jambo moja tu, na jambo hilo si kweli. Mimi najua si kweli, maana ni mimi niliyefanya liaminike.

Kalorstat ni kifaa kidogo cha shaba kinachoingia kwenye kiganja cha mkono. Kinakaa pale maji yanapotoka kwenye moteri kwenda kwenye radiateri. Moteri ikiwa baridi, kinafunga njia. Ikipata joto la kutosha, kinafungua. Basi. Mafundi wengi wa mji wetu, kikiharibika, hukitoa na kukitupa kwenye majani, kisha hufunga mfuniko kana kwamba hakikuwahi kuwapo. Maji yanazunguka muda wote, gari halichemki, mteja anaondoka akishukuru. Papa Fundi aliuona huo kuwa wizi.

“Banakutosha figo moja,” alikuwa akisema, yaani wanaitoa, “halafu banakwambia uko muzima.”

Padri mmoja aliwahi kubishana naye mbele yangu. Alikuwa ameleta jeep yake inakunywa mafuta kama lori, na fundi alipomwambia kwamba haina kalorstat, kwamba kuna mtu aliitoa, padri akajibu kuwa hiyo ilikuwa sawa, vifaa hivyo vilitengenezwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya, siye huku tuko Afrika. Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa saba. Fundi akamtazama juu hadi chini.

“Padri, leo umevaa nini?”

Padri alikuwa amevaa sweta, na juu ya sweta, jaketi.

“Basi na moteri yako inasikia baridi vilevile.”

Kisha akaweka sufuria ya maji juu ya mbabula, jiko la makaa, akatumbukiza kalorstat mpya, akamsimamisha padri hapo hadi maji yalipokaribia kuchemka na ule mdomo wa shaba ukafunguka polepole. Padri alicheka kama mtoto. Akaomba aone tena. Fundi akakitoa, akakipoza, akakirudisha. Nadhani hiyo ndiyo siku niliyomwona na furaha kuliko zote.

Garaji yake ilikuwa kwenye kipande cha ardhi kilichoinama vibaya sana, chini kidogo ya barabara inayoteremka kwenda ziwani. Watu walimhurumia, wakidhani alikosa kiwanja cha tambarare. Kumbe alikichagua. Ukimaliza kubadilisha kalorstat, alinifundisha, kazi bado nusu. Maji uliyoyamwaga umeyarudisha, lakini pamoja nayo umeingiza hewa, na hewa hiyo inajificha mahali pa juu ndani ya moteri, inazuia maji kupita, na hapo chuma kinaungua huku mshale wa joto ukikudanganya. Lazima hewa itolewe. Kwa hiyo alilaza gari pua juu, mdomo wa radiateri ukiwa mahali pa juu kuliko kitu kingine chochote, akafungua mfuniko gari likiwa baridi, akawasha moteri, akafungua shofaji yote, ile inayopasha joto ndani ya gari, akamimina maji kidogo kidogo na kuyaminya yale mabomba ya mpira kwa mkono, kama mtu anayekamua ng'ombe. Mapovu yakawa yanakuja. Yakiisha, anangoja. Yanakuja mengine.

Saa ya mkononi hakuwa nayo. Alipima muda kwa rozari. Kutoa hewa kwenye gari dogo kulichukua makumi mawili au matatu. Jeep ilitaka rozari nzima mara tatu, makumi matano kila mara, bila kukimbiza maneno. Alisali akiwa amesimama, jicho kwenye maji, na ukimwongelesha katikati ya Salamu Maria alimaliza kwanza ndipo akakujibu. Wengine walidhani ni ushirikina wa aina fulani. Mimi nilidhani ni uvivu, hadi nilipogundua kwamba magari yake hayarudi.

Sitaki kumfanya mtakatifu. Ulimi wake ulikuwa mbaya. Akishamaliza rozari aliweza kumtukana kwa Mashi, lugha ya kwao, mtu aliyeegesha vibaya, na matusi yenyewe nilihitaji kutafsiriwa na wengine, nao walikataa. Alimkaripia mkewe, mama mpole aliyeuza makala, yaani makaa, kwenye kona, mbele ya wateja kwa sababu ya chai isiyo na sukari ya kutosha, na mama yule aliondoka na kikombe kwenda kuiongeza. Aliapa hatumii kitu cha kubahatisha, lakini nilimwona kwa macho yangu akikata joini, ile ya kuziba maungio ya moteri, kutoka kwenye katoni ya sabuni. Nilipomwonyesha kidole, alisema katoni hiyo ni nzuri kuliko joini za dukani. Huenda ni kweli.

Na alidanganya kuhusu siku. Hilo kila mtu alilijua. Kipuri kiko njiani kutoka Bujumbura, kitafika kesho. Gari linatoka kesho. Kesho hiyo ilichukua wiki. Hakudanganya kuhusu moteri hata siku moja, alidanganya kuhusu kalenda tu, lakini watu hawatenganishi uongo wa mtu, wanauweka wote kwenye kapu moja. Nilikuja kulitumia hilo.

Baba yangu alipokufa, fundi alikuja kilioni na gari lake bovu la mizigo. Hakuingia ndani. Nyumbani kwetu ni juu, njia ni mawe matupu, na shangazi zangu walikuwa wazee. Siku mbili nzima alipanda na kuteremka akiwabeba wale wamama, mmoja mmoja, mbele, kwenye kiti, na kila aliyefika alifunguliwa mlango. Nilipomfuata kumshukuru aliniambia niache kumpotezea muda, kuna maman anangoja kule chini. Hajawahi kulitaja tena.

Wakati huo nilikuwa msimamizi wa magari katika shirika dogo la afya, lenye ofisi mtaa wa Muhumba. Tulikuwa na magari mawili. Moja lilikuwa jeep ya kazi, ile iliyokwenda kuchukua wagonjwa vijijini. La pili lilikuwa la mkurugenzi wetu, daktari, jeupe, lililooshwa kila asubuhi. Hakuna karatasi iliyosema kwamba gari la pili haliruhusiwi kubeba mgonjwa. Ilijulikana tu.

Siku ninayoisema, jeep ya kazi ilikuwa kwa Papa Fundi tangu alfajiri. Kalorstat ilikuwa imekwama, haifunguki. Kabla ya saa nne simu ikapigwa kutoka kituo cha afya upande wa Bunyakiri: kuna mama, mimba ya kwanza, yuko kwenye uchungu siku ya pili, mtoto amelala vibaya, lazima apasuliwe Bukavu. Mkurugenzi alinikuta mlangoni.

“Gari iko wapi?”

“Iko kwa fundi, Dokta. Inamalizika.”

“Imalizike sasa.”

Nilipotoka nilipita kando ya gari lake. Lilikuwa limesimama tayari, limejazwa mafuta, likingoja mchana liende kupokea wageni uwanja wa ndege. Nilipita karibu nalo kiasi cha kuligusa. Sentensi niliyopaswa kuisema ilikuwa fupi: Dokta, tupe hii yako. Lakini kandarasi yangu ilikuwa inaisha mwisho wa mwezi, na yeye ndiye wa kuitia sahihi. Nikamwita dereva wetu, tukapanda pikipiki mbili, tukateremka kwa fundi.

Alikuwa amesimama mbele ya jeep, mdomo wa radiateri wazi, moteri inanguruma, mapovu yanapanda. Dereva alibaki juu barabarani akiongea na wale wa pikipiki. Mimi nikashuka peke yangu.

“Papa Fundi, nakuja kubeba gari.”

Alimaliza Salamu Maria yake.

“Haiko tayari, shefu. Hewa ingali ndani. Niko mu rozari ya kwanza, kumi ya pili. Unipe saa moja.”

“Saa moja haina. Kuko mama anakufa kule Bunyakiri.”

“Njo maana nasema saa moja. Ikienda hivi, kwenda itaenda. Kurudi, na ile mulima ya musitu, itachemuka. Na ule mama akiwa ndani.”

“Mutu anakufa, na weye unasali rozari!”

Nilipaza sauti. Nakumbuka fundi wa jirani aliinua kichwa. Papa Fundi hakukasirika, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Alifuta mikono kwenye kitambaa, akaniuliza kwa sauti ya chini:

“Na ile gari ya Dokta iko wapi?”

Nilinyoosha mkono nipewe funguo.

“Funguo iko mu gari,” alisema. “Miye sikupatie.”

Alifunga mfuniko kwa sababu nilikuwa nimeshaingia kulizima. Kisha akafanya kitu ambacho baadaye kilimmaliza. Alijaza maji kwenye bidoni ya lita ishirini, akaipakia nyuma, akapanda nalo gari hadi barabarani ambako dereva alikuwa, na akamwambia dereva: “Mushale ikipita katikati, simama. Usifungue mufuniko mbio, itakuunguza uso.”

Dereva akaondoka. Mimi nikarudi ofisini na kusema gari limekwenda. Mkurugenzi akanipiga bega.

Yaliyofuata nilisimuliwa na dereva. Kwenda, mshale ulipanda mara moja ukarudi. Walimlaza mama kwenye mkeka nyuma, mama mkwe wake kando yake, muuguzi mmoja. Walipoanza kupanda msituni, gari lilichemka. Dereva alisimama, akangoja, akaongeza maji. Wakaenda kidogo, likachemka tena. Mara ya tatu maji ya bidoni yalikuwa yamekwisha, na mama mkwe, mwanamke wa miaka sitini, alishika bidoni tupu akateremka bondeni kutafuta kijito, huku mkaza mwanawe analia ndani ya gari lililosimama. Walisimama mara saba. Waliingia Bukavu jua linazama. Mtoto alikuwa ameshakufa, na ili mama apone madaktari walimtoa kizazi.

Jumatatu tuliitwa kwenye chumba cha mikutano: mkurugenzi, mhasibu aliyeandika maneno yetu, dereva, mimi, na fundi. Fundi alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi, kofia yake juu ya magoti. Sikuwahi kumwona bila mafuta mikononi. Alikuwa ameyasugua hadi ngozi ikawa nyekundu.

Mkurugenzi alimuuliza kwa nini alitoa gari ambalo halijakwisha.

“Sikuitosha miye. Ilibebwa mbele ya kumalizika. Nilisema munipe saa moja.”

“Ulimwambia nani?”

“Ule nilimwambia iko hapa,” fundi akasema. “Atasema.”

Wote wakanigeukia. Dirisha lilikuwa wazi, na nje mlinzi alikuwa akiosha gari jeupe kwa bomba. Nilisikia maji yakigonga bati la mlango. Nilijua kwamba nikisema ndiyo, swali la pili litakuwa kwa nini sikungoja, na la tatu litakuwa kwa nini sikuomba gari lile linaloogeshwa pale nje. Na swali hilo la tatu mkurugenzi hakutaka liulizwe mbele ya mhasibu. Nililiona hilo usoni mwake. Alikuwa ananisaidia.

“Aliniambia gari iko tayari,” nikasema.

Maneno manne. Nilishangaa jinsi yalivyotoka laini.

Mhasibu alitabasamu bila kuinua macho. “Na yeye tunamjua,” akasema, “kila kitu chake ni kesho.” Dereva alipoulizwa alisema kweli: yeye alikuwa barabarani, hakusikia tulichoongea, ila fundi alimpa bidoni ya maji na kumwonya kuhusu mshale. Mkurugenzi akaiandika hiyo mwenyewe. Kwa hiyo ulijua gari ni bovu, akamwambia fundi, ukanyamaza, ukatoa maji.

Fundi aliitazama bidoni hiyo, maana waliileta pale chumbani kama ushahidi. Halafu akanitazama mimi. Nilitegemea atatukana. Nilitamani atukane, ningepata kitu cha kumchukia.

“Na ule mama,” akauliza, “iko aje sasa?”

Hakuna aliyejua. Sisi wanne wa shirika la afya, hakuna hata mmoja aliyekuwa amefika hospitali kumtazama. Mkurugenzi akasema hilo si jambo la kikao. Fundi akavaa kofia, akainuka, akatoka.

Mji wetu ni mkubwa kwa watu lakini ni mdogo kwa maneno. Kabla ya wiki kwisha ilikuwa inasemwa sokoni kwamba Muzee wa Kalorstat aliua mtoto. Wateja walipungua, wakaisha. Yule padri alihamishiwa mbali, sijui kama alisikia. Mkewe aliacha kuuza makala pale konani kwa sababu wamama walimuuliza. Mwaka uliofuata nilipita, nikakuta kile kiwanja kilichoinama kimejengwa ukuta. Kandarasi yangu ilitiwa sahihi, na baadaye nikapandishwa cheo. Nilikuwa na ofisi yenye dirisha. Kila gari lililotoka kwa fundi mpya, nilikagua mwenyewe kama kalorstat ipo. Nyingi hazikuwapo. Sikusema kitu.

Mwaka huu, mwezi wa tano, nilitumwa Kamanyola. Dereva mwenzetu aliniambia kwamba Papa Fundi anaishi kule kwa binti yake, kwamba mkewe amekufa na yeye amepooza upande mmoja. Nilipanga maneno yangu tangu kona za mlima wa Ngomo hadi tulipofika tambarare na joto likaingia garini. Niliyapanga vizuri. Nilikuwa na mwanzo na mwisho.

Nilimkuta uani, kwenye kiti cha mbao, kivulini mwa ukuta. Binti yake alinitambua. Aliniita tonton, kama mjomba wake, akaleta chai, akaingia ndani. Mkono wa kushoto wa fundi ulikuwa umelala mapajani. Maneno yake yalitoka polepole lakini yote yalieleweka.

“Shefu,” alisema. “Umenona.”

“Papa Fundi, nimekuya kukwambia kitu.”

“Sema mbio. Nachoka.”

Maneno niliyoyapanga yote yakapotea.

“Nilidanganya. Siku ile.”

“Najua. Nilikuwa mu ile chumba.”

Nikasema naomba musamaha. Nikasema juu ya kandarasi, juu ya gari la Dokta, juu ya watoto wangu waliokuwa shuleni. Niliongea muda mrefu. Alikunywa chai yake kwa mkono wa kulia, kidogo kidogo, na nilipomaliza aliweka kikombe chini mwenyewe, hakutaka nimsaidie.

“Miye nilienda Bunyakiri,” akasema.

“Lini?”

“Nyuma ya ile kikao, miezi mbili. Nilipanda kamyo ya bachuruzi. Nilimukuta ule mama mu shamba, analima. Amekonda. Nikamwambia, njo miye nilitengeneza ile gari.”

“Alisema nini?”

“Alisimama na jembe yake. Nikajua atanipiga, na ningemuacha anipige. Halafu akaniita nyumbani, akaninawisha mikono, tukakula mihogo na bwana yake. Kisha akauliza: ‘Ni nani alisema gari iende?’”

Chai ilikuwa imenipoa mkononi.

“Ukamwambia nini, Papa Fundi?”

“Sikumwambia jina. Nilimwambia, ule mutu atakuya yeye mwenyewe.”

Ndani ya nyumba binti yake alikuwa anatwanga kitu, akaacha. Nadhani alikuwa anasikiliza.

“Hii musamaha yako, miye sina kazi nayo,” akasema. “Ulinibebea garaji, sawa, ilikuwa garaji. Ule mama alituma salamu mwaka ilipita, kwa mwanamuke anauzisha ndizi. Anauliza kama ule mutu amekufa.”

Nikamwambia nitaenda. Nikamwambia Jumamosi, Jumamosi hii hii, gari ninalo. Alimwita binti yake, akamwomba amgeuzie kiti upande wa mashamba ya mpunga, na binti akamgeuza, akanipa mgongo.

Mwezi wa tano umepita, na wa sita, na wa saba. Barabara ya Bunyakiri inapitika. Sijaenda.